Naomba ushauri: meneja wa maduka matatu (Tanga na Korogwe), nimpandishe wa ndani au nichukue wa nje?

Mama Duka Ngamiani
Wakubwa shikamooni, wa rika langu salaam. Nina maduka mawili ya vyakula na mahitaji ya nyumbani hapa Tanga mjini, moja Ngamiani, jingine Chumbageni. La tatu tunafungua Korogwe karibuni, Inshaallah. Mpaka sasa mimi ndiye naagiza mzigo, mimi nafunga hesabu, mimi nabishana na wasambazaji. Korogwe imeniweka pabaya. Nikiwa njiani Segera, simu ya Chumbageni inaita: sukari imeisha na hakuna mwenye ruhusa ya kuagiza.

Nataka meneja mmoja juu ya maduka yote, na nina watu wawili.

Wa kwanza ni dada niliyeanza naye tangu duka la chumba kimoja. Hakuna anayemfikia kwa kuuza, wateja wanamuulizia kwa jina, na droo yake haijawahi kupungua. Kaishia kidato cha nne. Kinachonitia shaka ni kwamba mwenzake akikosea, yeye huifanya ile kazi mwenyewe kimyakimya, hamwambii.

Wa pili ni kijana aliyesimamia supamaketi Dar, ana shahada ya biashara na anajieleza vizuri mno. Anataka mshahara mara tatu ya wa huyo dada, na nyumba juu.

Halafu kuna kaka yangu, anataka nafasi nimpe mwanawe aliyemaliza chuo.

Hofu yangu kubwa ni stoo. Kila nikihesabu Chumbageni kuna pengo, hasa mafuta ya kupikia ya lita 5. Sijui ni wizi, sijui ni mzigo kupokelewa pungufu. Huyu meneja ndiye atakayeshika funguo. Nisaidieni mawazo.

Mzee wa Makorora
Marahaba mwanangu. Mtoto wa kaka muanzishe kaunta kama wengine, umlipe kama wengine. Ukimpa umeneja kwa ajili ya baba yake, siku akiharibu utakuwa na kesi mbili, ya dukani na ya ukooni. Kwa hao wawili nawaachia wenye fani.

Afisa Rasilimali
Mama, nimefanya kazi ya kuajiri kwa muda mrefu, na suala la muuzaji bora kuwa meneja limechunguzwa. Mwaka 2019 watafiti Benson, Li na Shue walitoa matokeo ya takwimu za wauzaji wa kampuni zaidi ya 100 za Marekani. Waliouza sana ndio waliopandishwa vyeo kwa wingi, lakini wakishakuwa mameneja, mauzo ya walio chini yao yalielekea kushuka. Kuuza ni kazi moja, kuwafanya wengine wauze ni nyingine. Hiyo tabia ya dada yako kuifanya kazi ya mwenzake badala ya kumrekebisha ndiyo dalili ya kuangalia, kuliko kidato cha nne chake.

Ila usimkimbilie wa Dar kwa sababu ya maneno. Schmidt na Hunter mwaka 1998 walijumlisha utafiti wa miaka 85 kuhusu uajiri: miaka ya uzoefu peke yake inatabiri kidogo sana mtu atafanyaje kazi, na usaili wa mazungumzo huru unazidiwa na usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mtu. Kumpa mtu sampuli ya kazi halisi ni miongoni mwa vipimo vilivyofanya vizuri kabisa. Kwa hiyo wape wote wawili kazi ileile, na uandike alama za kila mmoja kabla hujasikia maoni ya mtu yeyote.

Na mwajiri wa zamani wa kijana mpigie mwenyewe. Namba itafute kwa njia zako, usitumie aliyokupa yeye. Muulize swali moja: ungemrudisha kazini? Kisha nyamaza umsikilize.

Mtunza Stoo
Mama, niongezee hapo kwenye sampuli ya kazi, na kwenye mafuta yako.

Siku mzigo wa mafuta unaingia Chumbageni, mwite mmoja wao apokee, siku nyingine mwenzake. Usimwelekeze kitu. Wewe kaa pembeni uangalie. Je, anahesabu katoni moja moja, au anahesabu safu ya mbele na kuzidisha? Anafungua katoni iliyolegea utepe? Anasaini hati ya mzigo kabla gari halijamaliza kushusha kwa sababu dereva ana haraka? Kwenye maduka niliyofanyia, pengo la stoo nusu yake lilikuwa pale mlangoni, saini imeshawekwa, gari limeshaondoka. Halafu keshia wa watu anakatwa mshahara bure.

Jaribio la pili, wape mauzo yako ya mwaka jana, uwaambie wakuandikie oda ya tende, ngano, tambi na sukari ya Ramadhani ijayo. Mtu atakayechukua mwezi uleule wa mwaka jana na kunakili ataagiza kwa kuchelewa, maana Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Kwa Tanga yetu hilo si dogo. Mzigo wa Shaabani ukikukuta huna, wateja wanahamia duka la pili, na Idi inapita hawajarudi.

Yeyote utakayemchagua, asiwe yeye anayeagiza, yeye anayepokea, yeye anayelipa. Funguo za stoo na daftari la stoo vikae kwa watu wawili.

Binti Muheza
Naomba niseme kwa upande wa aliyeajiriwa. Niliwahi kuitwa meneja wa duka, sitalitaja. Kila nikikataa mkopo kwa mteja, anampigia bosi, bosi anampigia keshia moja kwa moja, mzigo unatoka. Baada ya muda hakuna aliyenisikiliza, na makosa yote yakaandikwa kwa jina langu. Mama, kabla hujamchagua mtu andika anaruhusiwa nini bila kukuuliza: aagize hadi shilingi ngapi, akopeshe nani, ampe nani onyo, abadilishe zamu za nani. Wafanyakazi wote wasomewe akiwepo. Huyo dada yako hasemi na wenzake labda kwa sababu hajawahi kupewa ruhusa ya kusema.

Mama Duka Ngamiani
Binti, umenigusa. Ni kweli maagizo yote yanatoka kwangu, na yeye sikuwahi kumpa hata cheo cha msimamizi. Asanteni sana wote. Swali: nikimchukua huyu wa Dar kwa majaribio akashindwa, sheria inanibana vipi? Na pengo la mafuta, naruhusiwa kumkata meneja mshahara?

Msaidizi wa Sheria
Sheria ni ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 14 kinaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya menejimenti, kwa hiyo meneja unaweza kumpa wa mwaka mmoja. Masharti yawe kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinasema kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6, basi tathmini yako ifanye ndani ya muda huo. Ukizidisha halafu ukamwachisha bila sababu na utaratibu, ana siku 30 za kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kukata mshahara ni kifungu cha 28. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, umpe maelezo kwa maandishi ya chanzo, kiasi na hesabu, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kugawa hasara kwa wafanyakazi wote wa duka, kama wengi tunavyofanya, hakuingii humo.

Mzee wa Makorora
Hiyo ya robo wenye maduka wengi wa barabara za huku kwetu hawaijui.

Mama Duka Ngamiani
Nimeamua hivi. Dada namkabidhi Chumbageni kama msimamizi mwenye mamlaka ya maandishi kuanzia mzigo unaofuata, pamoja na nyongeza ya mshahara. Kijana wa Dar nitampa majaribio yote mawili, la kupokea mzigo na la oda ya Ramadhani, na siku zake nitamlipa. Dada naye atafanya yaleyale. Kaka yangu nishamwambia mwanawe aje Ngamiani kaunta, amenuna.

Mtunza Stoo
Vizuri mama. Ila kabla dada hajakabidhiwa, hesabuni stoo ya Chumbageni wote wawili, msaini mkiwa pamoja. Pengo la zamani lisije likamwangukia yeye.