Utoaji mimba: "isipokuwa amebakwa" inasimama juu ya hoja gani, na kwa nini mara nyingi haimfikii aliyebakwa?

Mpima_Hoja

Habari zenu wakuu. Naomba tujadili kipengele kimoja tu cha suala la kutoa mimba, maana likifunguliwa lote huishia kwenye matusi.

Wengi wanaopinga utoaji mimba husema: isitolewe, isipokuwa mwanamke amebakwa, au amepewa mimba na maharimu wake, au maisha yake yako hatarini. Sheria za nchi nyingi zimeandikwa kwa mtindo huo. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ibara ya 14(2)(c), nayo inataja ubakaji, shambulio la ngono, mimba ya maharimu, na hatari kwa afya ya mwili au akili ya mama, au kwa uhai wa mama au wa kijusi.

Nimekwama mahali pawili. Kwanza, kama kilicho tumboni ni binadamu kamili, kosa la baba linamvua vipi haki yake? Mtoto wa miaka miwili aliyetokana na ubakaji hakuna anayesema auawe. Na kama si binadamu kamili, kwa nini yule aliyeridhia tendo akatazwe? Pili, hata pale ruhusa ipo kwenye kitabu cha sheria, waliobakwa bado wanazaa bila kutaka au wanaishia vichochoroni. Tatizo ni sheria yenyewe au watekelezaji?

Mwenye hoja ya dini alete dalili, mwenye hoja ya sheria alete vifungu.

Mizani

Swali lako la kwanza lina jibu, ila wengi wanaotumia kighairi hicho, yaani hiyo "isipokuwa", hawajui kwamba ndilo wanaloliegemea.

Anayesema "isipokuwa amebakwa" hazungumzii tena kama kijusi ni mtu. Anazungumzia nani ana wajibu wa kukibeba. Mwaka 1971 mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson alijenga hoja akikubali, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba kijusi ni mtu tangu mwanzo. Alisema haki ya kuishi haimpi mtu haki ya kutumia mwili wa mwenzake miezi tisa bila ridhaa yake. Ukifuata njia hiyo, aliyebakwa hakuridhia chochote, kwa hiyo hadaiwi. Aliyeridhia tendo ndipo ubishi unapoanza: je, kuridhia tendo ni kuridhia mimba? Anayejibu "ndiyo" anaweza kuruhusu mimba ya ubakaji na kukataza nyingine bila kujipinga.

Lakini atazame gharama ya msimamo huo. Hawezi tena kusema "kutoa mimba ni kuua mtu, basi." Ameshakiri kwamba mtu huyo huyo anaweza kuondolewa kwa sababu inayomhusu mama. Na katazo lake sasa limejengwa juu ya mwenendo wa mwanamke, yaani beba kwa sababu ulilala naye. Wapo wanaolikubali hilo waziwazi. Wengine wakilisikia likisemwa hivyo wanashtuka.

Upande wa pili kuna hoja ya Don Marquis ya mwaka 1989. Yeye hakushika neno "mtu" hata kidogo. Alisema ubaya wa kuua uko katika kumnyang'anya mwenye uhai maisha yote ambayo angeyaishi. Kwa kipimo hicho mimba ya ubakaji haina tofauti na nyingine, maana maisha yaliyo mbele yake ni yale yale. Anayekataza hata baada ya ubakaji ana msimamo mgumu sana kuuishi, lakini kimantiki ameunyoosha kuliko mwenye vighairi. Hilo lazima tulikubali hata tusipoungana naye.

Wanaotetea uhuru wa mwanamke nao wana swali lao gumu. Ikiwa sababu yake haimhusu yeyote, basi haiwahusu hata pale sababu ni kwamba kipimo kimeonyesha mtoto wa kike. India iliruhusu utoaji mimba kwa masharti mwaka 1971, kisha mwaka 1994 ikatunga sheria ya kukataza kupima jinsia ya kijusi. Yaani walilazimika kukamata kipimo, kwa kuwa sababu iliyo moyoni mwa mtu haikamatiki. Kumbukeni jambo hilo, maana litarudi kwenye ubakaji.

Ibn Abdallah

Ndugu Mpima_Hoja, assalaam alaykum. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, swali la kwanza huwa ni umri wa mimba, kisha udhuru. Hadithi mashuhuri inataja siku arobaini mara tatu kabla ya kupuliziwa roho, na hapo ndipo inapotoka hesabu ya siku 120. Baada ya siku hizo wanazuoni wamekubaliana kwamba mimba haitolewi, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kabla yake madhehebu yametofautiana: Wamaliki wamekaza, wengi wao hata ndani ya siku 40; miongoni mwa Wahanafi wapo walioruhusu kabla ya siku 120 pakiwa na udhuru; Washafii wana kauli zaidi ya moja. Baraza la fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu) huko Makka mwaka 1990 liliruhusu kabla ya siku 120 ikiwa jopo la madaktari limethibitisha ulemavu mkubwa usiotibika na wazazi wameomba.

Kwa mtazamo huu swali lako la "binadamu kamili au la" linapoa kidogo. Uhai una hadhi tangu mwanzo, lakini hadhi hiyo inapanda. Udhuru unaotosha siku ya 35 hautoshi siku ya 130. Ndiyo maana aliyebakwa akicheleweshwa na ofisi, anakuwa amehamishwa kutoka hukumu moja kwenda nyingine, na mchelewesha ana dhima.

Kwa Wakatoliki mlango huo ulifungwa zaidi mwaka 1869, Papa Pius IX alipoondoa katika adhabu ya kutengwa na Kanisa tofauti ya kijusi kilichoumbika na kisichoumbika. Kwao kilichobaki ni kanuni ya matokeo mawili: mimba ikitunga kwenye mrija wa uzazi badala ya mji wa mimba, kuondoa mrija ulioharibika kunaruhusiwa japo kijusi kitakufa, kwa kuwa kifo hicho hakikukusudiwa. Dawa inayosimamisha ukuaji wa kijusi chenyewe, na kuuacha mrija mzima, wanateolojia wao bado wanaibishania.

MkungaZamu

Nashukuru kwa hoja, ila mjue kwamba sheria hutaja wiki na wanaoitunga mara nyingi hawajui wiki zinahesabiwaje.

Umri wa mimba huanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kiasi cha siku 14 kabla haijatungwa. Kwa hiyo "wiki 6" ni wiki 4 tangu tendo, na ni wiki 2 tu tangu hedhi ichelewe kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Ukomo wa wiki 12 unampa aliyebakwa wiki 10 tangu siku ya tukio, na kati ya hizo mbili za kwanza kipimo cha mkojo kwa kawaida hakionyeshi kitu. Mwenye mzunguko usiotabirika atagundua wiki ya 8 au 9. Msichana wa miaka 13 ambaye hedhi yake haijatulia, na aliyembaka anaishi nyumba ile ile, mara nyingi hugunduliwa na mtu mwingine tumbo linapoonekana. Hapo ni wiki ya 16 hadi 20. Kwa hiyo ukomo mfupi unamwacha nje yule yule ambaye kila mtu husema anamhurumia.

Kuna dirisha jingine kabla ya hilo, nalo huniumiza zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri ndani ya saa 72, na vinaweza kutolewa hadi saa 120. Dawa za kukinga VVU nazo ni ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Mahali ambapo mhudumu anadai fomu ya polisi kwanza ndipo amguse mgonjwa, saa hizo huisha kwenye benchi. Huduma itangulie, karatasi zifuate. Mimba nyingi tunazozigombania hazingekuwepo.

Kuhusu "maisha ya mama yakiwa hatarini": kitabuni panaonekana wazi, wodini hapako wazi hata kidogo. Chukua chupa iliyopasuka wiki ya 17. Maji yameisha, mtoto hataishi, lakini moyo wake bado unapiga. Mama asubuhi ana joto la kawaida na presha nzuri. Je, yuko hatarini? Daktari anayeogopa jela husubiri dalili. Maambukizi yakishaingia kwenye damu mambo hubadilika kwa saa chache, na dawa inayotolewa kwa kuchelewa haiwezi kurudisha saa zilizopotea. Ndivyo alivyofariki mama mmoja Galway, Ireland, Oktoba 2012, akiwa na mimba ya wiki 17 iliyokuwa inaharibika. Kisheria maisha ya mama yalilindwa, lakini waliomhudumia walisubiri. Mwaka 2018 wananchi walipiga kura kwa asilimia 66.4 kuondoa kifungu cha katiba cha mwaka 1983 kilicholinda uhai wa kijusi sawa na wa mama.

Kifungu_kwa_Kifungu

Mkunga ametangulia kusema, mimi nimalizie upande wa karatasi, kwa sababu swali la pili la Mpima_Hoja jibu lake liko pale: mtazame nani anathibitisha ubakaji, kwa kiwango gani, na ndani ya muda gani.

Zimbabwe ina sheria ya mwaka 1977 inayoruhusu kutoa mimba ya ubakaji ikiwa hakimu ametoa hati. Mwaka 2006 mwanamke mmoja alivamiwa na kubakwa mwezi Aprili. Aliomba vidonge vya dharura, akaambiwa polisi wawepo, saa 72 zikapita. Mimba ilipothibitika Mei, akaelekezwa kwamba kesi ya ubakaji iishe kwanza. Hati aliipata mwisho wa Septemba. Hospitali ikasema muda wa kuitoa kwa usalama umeshapita, akajifungua Desemba. Mahakama ya Juu mwaka 2014 ilisema dola inawajibika kwa kushindwa kuzuia mimba, lakini haiwajibiki kwa mimba kutotolewa, kwa kuwa kuomba hati lilikuwa jukumu la mwanamke mwenyewe. Hakuna aliyemwambia "hapana" kwa maneno. Kila ofisi ilimpeleka ofisi nyingine.

Ethiopia, kwenye kanuni ya adhabu iliyoanza kutumika mwaka 2005, iliandika kinyume: kauli ya mwanamke kwamba mimba ni ya kubakwa au ya maharimu inatosha. Kitabuni sheria hizi mbili zina kighairi kile kile.

Zambia inafundisha kitu kingine. Sheria yao ya mwaka 1972 ina sababu pana, mpaka hali ya maisha ya mwanamke na watoto alionao, ila inataka saini za madaktari watatu, mmoja bingwa, isipokuwa kwenye dharura. Mahali ambapo wilaya nzima ina daktari mmoja, sababu pana hazina kazi.

Kenya, ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010, inayohusu kutoa mimba, inataka maoni ya "mtaalamu wa afya aliyepata mafunzo." Haisemi daktari pekee, wala haidai saini ya pili. Lakini mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2012 kuhusu utoaji mimba salama uliondolewa Desemba 2013, na wahudumu wakabaki na katiba mkono mmoja na kanuni ya adhabu mkono mwingine. Juni 2019 Mahakama Kuu ilisema kuuondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, lakini Kanuni ya Adhabu bado ina vifungu vya 150 hadi 152, na kinga iliyopo ni ya kifungu cha 230, upasuaji wa nia njema kuokoa maisha ya mama. Ubakaji haumo. Mkataba ulioridhiwa bila kuingizwa kwenye sheria za ndani haumpi mhudumu kinga anaposimama mbele ya polisi.

Mpima_Hoja

Asanteni sana. Ila Kifungu, mtindo wa Ethiopia una tatizo linaloonekana. Kauli ikitosha, atakayetaka kutoa mimba kwa sababu nyingine atasema amebakwa. Kighairi kimekuwa mlango.

Kifungu_kwa_Kifungu

Ni kweli, wapo watakaosema hivyo, na aliyeandika kile kifungu alijua. Ndiyo India ya Mizani ile: sababu iliyo moyoni haikaguliki kwa muda ulio nao. Hukumu ya ubakaji inachukua miezi au miaka, mimba haisubiri. Kwa hiyo mtunga sheria hana kighairi cha ubakaji kinachowachuja waongo na bado kikawahi wakweli. Achague: akidai ushahidi, wengi wa waliobakwa kweli watazaa, akikubali kauli, watapita na ambao hawakubakwa. Mbunge anayesema "tunaruhusu mimba za ubakaji tu, zilizothibitishwa" nimuulize atathibitisha kwa nani, na wiki ya ngapi. Akishindwa kujibu, anachokiruhusu ni maneno tu.

Kuna njia ya tatu, ya kutokuuliza sababu hadi wiki fulani. Ujerumani ilifika hapo kwa kuzunguka: baada ya hukumu ya 1993, kutoa mimba ndani ya wiki 12 tangu kutungwa kunabaki kuwa kinyume cha sheria lakini hakuadhibiwi, mradi mwanamke amepata ushauri nasaha na zimepita siku tatu. Wametenganisha swali la "ni kosa?" na la "serikali iadhibu?" Wengi hapa wanayachanganya.

MkungaZamu

Niongeze moja kabla hamjaondoka na sheria nzuri mikononi. Saini ikishapatikana, nani atafanya? Italia imeruhusu tangu 1978, na zaidi ya nusu ya madaktari wake wa uzazi hukataa kwa dhamiri. Dhamiri ya mhudumu naiheshimu. Lakini hospitali isipopanga zamu kiasi kwamba kila wiki yupo asiyekataa, na anayekataa asipolazimika kumwelekeza mgonjwa siku hiyo hiyo kwa jina na mahali, hati ya hakimu inazeeka mfukoni. Afrika Kusini sheria ya 1996 iliruhusu mkunga aliyefunzwa kufanya hadi wiki 12 bila kusubiri daktari. Hapo ndipo ningeanzia, kabla hata ya kugombana juu ya wiki ngapi.