Familia ya Babu: Safari ya Lushoto

Jumanne

[19:48] Shangazi Rehema: Assalaam alaykum wote. Keshokutwa alfajiri tunaondoka Dar es Salaam kwenda Lushoto kwenye arobaini ya mama, na gari tulilopangiwa ni la mdogo wangu Shabani. Jumapili nilipanda gari hilo, na kila breki ilipokanyagwa nilisikia mlio mwembamba wa chuma kutoka gurudumu la mbele la kushoto. Naomba nijibiwe usiku huu: breki hizo zilikaguliwa lini?

[20:35] Shangazi Rehema: Naona watu kumi na mmoja wamesoma, na hakuna aliyejibu.

[20:41] Idi: Shangazi, huenda gari lilikuwa linalalamikia zile ndoo zako tatu za mchele.

[20:42] Mama Zuhura: 😂😂

[20:44] Shangazi Rehema: Idi mwanangu, ndoo zitapanda na watoto watapanda, na ndiyo sababu ninauliza. Salimu, wewe uko gereji kila siku, waeleze wenzako.

[21:30] Baba Mdogo Shabani: Dada, gari linasimama vizuri. Kanyagio linashuka zaidi kidogo kuliko zamani, na juzi nilikuta mafuta ya breki yamepungua, nikayaongeza.

[21:52] Salimu: Shikamooni. Baba Mdogo, hayo uliyoyataja ndiyo yanayonitia hofu kuliko mlio. Pedi nyingi za breki, yaani vile vibao vinavyobana diski ya gurudumu, zina kibati kidogo cha chuma ambacho hugusa diski pedi inapokaribia kwisha, na kazi yake ni kulia ili dereva apate habari mapema. Mlio ukigeuka kuwa wa kusaga, basi chuma tayari kinakula diski. Pedi ikibaki milimita 3 tunaibadilisha, na tunabadilisha ya kulia na ya kushoto kwa pamoja, vinginevyo gari litavuta upande mmoja. Lakini mafuta ya breki hayapungui kama petroli. Yakishuka, ama pedi zimelika, ama yanavuja mahali, na kuyaongeza bila kufungua magurudumu ni kuuficha ugonjwa.

[21:55] Shangazi Rehema: Mmesikia? Na hayo mafuta yenyewe yana umri gani?

[21:58] Salimu: Ni vizuri kuyabadilisha kila baada ya miaka 2, kwa sababu yananyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Ukishuka Lushoto hadi Mombo, takribani kilomita 33 za kona, huku mguu ukiwa juu ya breki muda wote, mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na kanyagio linazama hadi sakafuni.

[22:03] Baba Mdogo Shabani: Kama siku ile breki ziliponikatikia pale Soni, kwenye barabara hiyo hiyo. Tangu siku hiyo kila safari ninahojiwa mimi, ingawa gari halikuwa langu, na aliyenipa ufunguo alijua kwamba mafuta yalikuwa yamepungua.

[22:05] Shangazi Rehema: Marehemu mume wangu aliyaongeza asubuhi ile ile kwa mkono wake. Usimseme asiyeweza kujibu.

[22:06] Baba Mdogo Shabani: Salimu amekwisha kueleza maana ya kuongeza.

[22:07] Idi: Jamani, mimi ninauliza tu kama ndoo za mchele bado zinakwenda.

[22:31] Babu: Ninaandikiwa na Zuhura. Siku ya Soni mimi ndiye niliyekaa kiti cha mbele, na miaka yote hii hamjawahi kuniuliza. Shabani alikanyaga, hakukuwa na kitu, akarudisha gia ndogo na kuliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima. Mume wa Rehema hakujua kilichokuwa ndani ya lile gurudumu, na Shabani hakujua. Nimemzika mama yenu mwezi uliopita. Gari ambalo fundi hajalifungua magurudumu yote manne lisipande huku kwangu. Kisomo kitawasubiri.

[22:50] Shangazi Rehema: Tumesikia, baba.

[22:58] Baba Mdogo Shabani: Nimesikia, baba. Kesho nikitoka kazini nitalipeleka kwa Salimu.

[23:04] Salimu: Nitafungua magurudumu hata kama ni usiku. Pedi za gari hilo huenda zikapatikana kesho, lakini bomba likiwa linavuja, au diski ikiwa imeliwa, siwezi kuahidi kwamba alfajiri litakuwa tayari.

[23:06] Mama Zuhura: Wifi, basi la Lushoto lipo asubuhi. Watoto na wazee watangulie nalo, sisi tusubiri gari.

[23:09] Shangazi Rehema: Basi nitumieni majina ya wanaopanda basi kabla ya saa nne asubuhi, pamoja na nauli. Na gharama ya pedi tunachangia sote, au anabeba Shabani peke yake?

Jumatano

[06:20] Shangazi Rehema: Nimepata jina moja tu, la Idi.