Hatafuni upande wa kushoto: nimwambieje mama yake?

BintiMeru: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nafundisha watoto wadogo Head Start, shule ya awali ya serikali kwa familia za kipato cha chini, nje kidogo ya Fresno, California. Darasani nina watoto 17, na 14 kati yao ni wa familia za Kimeksiko. Wazazi wengi huchuma zabibu na machungwa.

Kila siku baada ya chakula tunapiga mswaki pamoja. Kuna kijana wangu mmoja wa miaka minne, meno yake ya mbele yamebaki vigutu vya kahawia, na gego la kushoto lina shimo. Ukimpa kipande cha tofaa anakinyonya mpaka kinalainika, kisha anakificha mfukoni. Hasemi kama anaumwa.

Mama yake ana aibu. Mara ya mwisho kwa daktari aliulizwa, "Unamlisha nini huyu mtoto?" Hakurudi tena. Mimi nimekulia kule Maji ya Chai, Arusha, meno yangu yana madoa kwa floraidi iliyozidi kwenye maji yetu. Kuziba mdomo kwa kiganja ukicheka nakujua vizuri. Sitaki kumwongezea mzigo. Nianzie wapi? Na mbona ni hawa watoto zaidi?

Msaidizi_wa_Meno: Dada, mwaka wa tisa huu nasimama pembeni ya kiti cha daktari, Houston. Usianze na pipi. Pipi wanakula watoto wote. Vipimo vya kitaifa vya 2015–2016 vilionyesha kwamba kati ya vijana wa miaka 2 hadi 19, asilimia 52 ya Walatino, kama hao Wameksiko wako, walikuwa wameshaoza jino, Wazungu 39. Pengo hilo haliletwi na peremende.

Bima ya serikali inawalipia watoto meno, lakini inawalipa madaktari kidogo, kwa hiyo wengi hawaipokei. Anayeipokea yuko mbali na anafunga saa kumi na moja. Mchumaji akienda huko, ujira wa siku umepotea.

Muulize wanakunywa maji gani. Familia nyingi haziyaamini ya bomba, na huko mashambani visima vingine kweli vina naitreti, kemikali ya mbolea, kwa hiyo wananunua yaliyochujwa. Mashine inayoondoa uchafu huondoa na floraidi, ambayo ikiwa kidogo hulinda meno. Wewe kwenu ilizidi, kwake huenda ni kidogo mno. Halafu muulize, kwa upole, kama mtoto bado analala na chupa ya maziwa.

Vigutu hivyo aulizie dawa ya kupaka yenye madini ya fedha (silver diamine fluoride). Mara nyingi inasimamisha uozo bila kuchimba jino. Ila paliposimama panakuwa peusi, mama ajue kabla.

Babu_Sacramento: Marahaba mwanangu. Nimekuwa mkalimani hospitalini miaka mingi. Kinachowarudisha mlangoni ni hofu ya makaratasi. Tangu Mei 2016 mtoto wa California mwenye kipato cha chini anapata Medi-Cal kamili, yaani bima ya afya ya serikali ya jimbo, hata kama hana hati za ukaazi. Hofu bado ipo, na siwalaumu. Mwelekeze kwenye kliniki ya jamii, wanapima malipo kwa kipato.

Na dada yake wa miaka tisa asifanywe mkalimani. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kutoa mkalimani bure. Mtoto hapaswi kumtafsiria mama yake maneno ya lawama.

BintiMeru: Asanteni sana. Jana alipokuja kumchukua nilimwita kando na mwenzangu anayejua Kihispania. Sikugusa meno ya mtoto. Nilifungua kinywa changu nikamwonyesha madoa, nikamwambia ni maji ya kwetu. Akanisogelea, akatazama kwa muda. Kisha akasema yake ananunua dukani, madumu mawili ya galoni tano kila wiki, kwa sababu ya kisima cha walipopanga ana wasiwasi. Alidhani anawakinga watoto. Alilia, nami nikalia.

Amekubali. Kuna kliniki inafungua jioni siku za Alhamisi, nitawasindikiza. Msaidizi, hiyo dawa ya fedha inauma?

Msaidizi_wa_Meno: Kupaka ni dakika chache tu, hakuna sindano. Ina ladha ya chuma mdomoni. Mwambie mapema asishtuke. Lile gego walipige picha siku hiyohiyo, msikubali kupangiwa tarehe nyingine.

BintiMeru: Nimeandika kwenye mkono.