Figo zinashuka, naambiwa ni umri: naomba ushauri

Hamjambo wenzangu. Niko Kisumu, upande wa Kondele, nina miaka 46 na presha tangu 2017. Juzi nikipanga karatasi zangu za hospitali (mimi hata risiti ya kuku huweka) niliona kitu kikanishtua. Kile kipimo cha uchujaji wa figo kilikuwa 78, kikaja 66, Machi kikawa 57, na wiki jana 51. Kreatinini nayo, ile taka ya damu inayochujwa na figo, inapanda tu. Nikiuliza najibiwa, "Mama, ni umri, kunywa maji." Umri gani, jameni, na mamangu wa miaka 70 bado analima?

Nilivyosoma, kikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, huo huitwa ugonjwa sugu wa figo. Na sijawahi kupimwa protini kwenye mkojo hata siku moja. Tena kwa maumivu ya mgongo niliandikiwa diklofenaki, dawa inayoweza kuumiza figo! Hiyo nimeiacha. Za presha nameza kama kawaida.

Narudi kliniki Jumanne. Nimwambieje daktari bila kuonekana mjuaji? Mume wangu anasema nitafukuzwa nikitoa hizo karatasi zote mezani. Je, naweza kudai barua ya rufaa kwa mtaalamu wa figo, au niende hospitali ya rufaa ya Jaramogi moja kwa moja? Na aliyewahi kupima hiyo protini hapa Kisumu, ulilipa ngapi?