Mkataba wa mwaka mzima au mwezi kwa mwezi? Nasaini Jumamosi

Funguo2:
Wakuu habari zenu. Nimepata nyumba ya vyumba viwili, nimeipenda. Nimeambiwa nichague, mkataba wa mwaka mmoja au twende mwezi kwa mwezi, ila mwezi kwa mwezi kodi inapanda kidogo. Jumamosi wanataka jibu. Kisheria upi unamlinda mpangaji zaidi? Nimechoka kuhamahama.

Karani:
Mkuu hapo hatuwezi kukusaidia, hujaweka kitu. Uko nchi gani? Amana ni kodi ya miezi mingapi na nani anaishika? Notisi ya kuhama ni ya muda gani? Kuna kipengele cha kutoka kabla ya mwaka kuisha? Na anayesaini upande wa pili ni mwenye nyumba mwenyewe au dalali? Hilo la mwisho ndilo la kwanza kulijua.

mama_wawili:
Chukua mwaka. Ndani ya mwaka hawezi kukupandishia kodi kama mkataba hausemi hivyo, hawezi kuamka tu akakwambia mwanangu anaoa hama. Mwezi kwa mwezi unalala na begi mlangoni. Mimi nina watoto shule, siwezi kuishi hivyo.

Bati_Jipya:
Mimi ni mwenye nyumba na nasema mwezi kwa mwezi ni bora kwa wote wawili. Mwaka unambana mpangaji pia, watu wanasahau hilo. Ukipata kazi mji mwingine mwezi wa nne, ile miezi minane iliyobaki unaweza kudaiwa. Kuna nchi sheria inamtaka mwenye nyumba atafute mpangaji mwingine kwanza asikae tu anahesabu deni, lakini si zote, usibeti na hilo.

Funguo2:
Nchi sitaitaja hapa, dalali wangu anaweza kuwa humu. Amana ni miezi miwili. Kipengele cha kutoka mapema sijakiona, mkataba wenyewe nimeusoma kwenye simu harakaharaka.

Karani:
Kwa hiyo kuna dalali. Omba uone anamwakilisha nani na kwa barua gani, na hati ya umiliki au hata risiti ya kodi ya jengo yenye jina la mwenye nyumba. Watu wanalipa amana kwa mtu ambaye naye ni mpangaji tu.

Ngazi_ya_Tatu:
Mnabishana mwaka au mwezi, mimi kilichonimaliza ni karatasi nyingine kabisa. Nilihamia usiku, umeme umekatika, dalali ana haraka, nikasaini hati ya makabidhiano juu ya boneti ya gari namulika kwa tochi ya simu. Imeandikwa "nyumba iko katika hali nzuri", mstari mmoja, basi. Asubuhi nafungua kabati la ukutani nakuta ukungu mweusi umepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, mlango wa bafu umevimba chini haufungi, sinki lina ufa mwembamba kama unywele. Nikampigia akasema usijali tunajua. Sikupiga picha hata moja, sikutuma hata meseji, niliridhika na hiyo "tunajua". Nimekaa miaka miwili kodi nalipa kabla ya tarehe, siku ya kuondoka mwenye nyumba anapita na ile karatasi mkononi, kabati kakata, mlango kakata, sinki kakata, na rangi ya nyumba nzima juu yake. Amana ikaisha yote. Nilikwenda kwa wakili, akaniuliza swali moja tu, una nini cha maandishi? Nikanyamaza. Kwa hiyo mkuu, kabla hujaingiza hata godoro, pita mchana, piga picha kila kona, zitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki.

mama_wawili:
Pole sana ndugu yangu. Hiyo rangi ndiyo inaniuma, miaka miwili ukuta lazima ufifie.

Bati_Jipya:
Rangi ni ya mpangaji. Kaikuta mpya airudishe mpya.

Karani:
Hapana mzee. Sheria za nchi nyingi zinatenganisha uharibifu na uchakavu wa kawaida. Ukuta kufifia kwa jua, zulia kulika pale watu wanapopita, hiyo ni gharama ya mwenye nyumba. Tundu la ngumi ukutani, hiyo ya mpangaji.

Diaspora_K:
Uskoti tangu Desemba 2017 mikataba mipya ya nyumba binafsi haina tarehe ya mwisho kabisa, mpangaji anatoa notisi ya siku 28, mwenye nyumba lazima awe na sababu iliyotajwa na sheria. Ujerumani amana ya nyumba ya kuishi haizidi kodi ya miezi mitatu na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Na kule nyumba ikiuzwa mnunuzi anarithi mkataba wako ulivyo.

Bati_Jipya:
Yeye hayuko Ujerumani.

Diaspora_K:
Na hajasema yuko wapi. Ndiyo maana aangalie sheria ya kwao kwa mambo hayohayo: amana, notisi, nyumba kuuzwa.

Ngazi_ya_Tatu:
Ongeza kitasa. Jirani yangu alichelewesha kodi wiki tatu akakuta kitasa kimebadilishwa na vitu viko kwenye ngazi. Sehemu nyingi hilo ni kosa bila amri ya mahakama, hata kama mpangaji anadaiwa kweli.

Bati_Jipya:
Kitasa sijawahi kubadilisha, hapo naungana na wewe. Ila na mpangaji asizuie kodi eti kwa sababu bomba linavuja. Aandike barua, asubiri, afuate utaratibu. Akizuia kodi anajipa kesi mwenyewe.

Funguo2:
Nimeongea na mwenye nyumba mwenyewe leo, kweli ni yeye, nimeona hati. Kasema nichukue mwaka na nikitaka kutoka mapema nimpe notisi ya miezi miwili, "tutaelewana". Nikamwambia tuandike, kasema mkataba umeshachapwa.

Karani:
Umeshachapwa si tatizo. Andikeni kwa kalamu pembeni, nyote wawili msaini pale pale kwenye nyongeza, na kwenye nakala zote mbili, si moja. Na kama kwenu kuna ushuru wa stempu, ile ada ya serikali kwenye mikataba, ulipwe mapema, mahakama inaweza kukataa kuupokea mkataba kama ushahidi hadi ulipiwe.

mama_wawili:
Akikataa hata kalamu je?

Funguo2:
Ndiyo naogopa hapo. Nyumba nzuri kweli, jikoni kuna dirisha kubwa.

Bati_Jipya:
Muulize na rangi nani anapaka.

Ngazi_ya_Tatu:
Na kabati la ukutani ulifungue.