Naomba ushauri: machipukizi ya Ansellia yanaoza

Habari zenu wanakikundi. Hapa Tabora, tangu mvua zianze, machipukizi mapya ya Ansellia (okidi ya maua ya njano yenye madoa ya kahawia) yanaoza: yanakuwa meusi chini, ukibonyeza yanatoa maji yenye harufu. Mashina ya zamani bado magumu. Vyungu vina vipande vya mkaa vya sentimita 2 hadi 3 na magome ya miti. Nashuku magome, yameshalainika na yanashika maji. Nimekata penye uozo kwa kisu kilichopitishwa motoni, nikapaka mdalasini wa unga, nikavihamishia barazani. Weusi bado unapanda.

Je, nihamishie kwenye mkaa mtupu sasa hivi, au nisubiri machipukizi yaliyobaki yatoe mizizi yake? Na baada ya kukata, nisimwagilie kwa siku ngapi?