Linux inaipiga Windows kwa spidi ya diski ndani ya VM (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta), kweli au maneno ya baraza?

Mtoa mada, Mwanakwerekwe
Jana barazani ubishi mpaka kahawa ikapoa. Mwenzetu kaja na laptopu, VirtualBox (programu ya kuendesha VM), ndani yake Ubuntu, ambayo ni Linux, na Windows 10, kila moja kaipa RAM giga 4, kapima diski, Ubuntu ikatoa giga 2.1 kwa sekunde, Windows mega 140, basi kelele tupu. Nikamuuliza diski gani hiyo, akasema SSD ya SATA. Sasa yakhe, SATA yenyewe, ile njia ya kuunganishia diski, haipitishi zaidi ya mega 600 kwa sekunde, hizo giga 2 zimepita wapi, dirishani? Kumbe kapima kwa dd, ile amri ya kumwaga masifuri kwenye faili, Linux inayapokea kwenye RAM inakwambia nshaandika na huku bado. Nikamwambia ongeza conv=fdatasync, isubiri data ifike diskini kweli, ikashuka mpaka mega 210. Mie nasema hapo tunapima kashe, yaani RAM inayoshikilia data kwa muda, hatupimi diski. Mnasemaje?

Chake Chake
Sikubali ami. Kashe si sehemu ya OS? Mtu anatumia kompyuta na kashe yake, hatumii diski kavu. Kopi folda la vifaili vidogo vidogo elfu kadhaa uone Windows inavyosota, Defender, kinga-virusi yake, inakagua kimoja kimoja, na hilo mtumiaji analihisi kila siku, wewe na fdatasync yako unalihisi lini?

Wete
Wote mumeruka swali. Windows ilipewa kontrola gani, ile inayoiunganisha VM na diski yake? Mie natumia KVM, ya kuendesha VM kwenye Linux, ukiiwekea Windows diski ya kuigiza ya IDE, mtindo wa zamani, inakwenda kama punda wa shamba. Ukiweka virtio, iliyotengenezwa kwa ajili ya VM, inabadilika kabisa, ila wakati wa kuinstoli haiioni hata hiyo diski, orodha tupu, mpaka umpe ISO (faili la picha ya CD) ya draiva ndo inatokea. Linux draiva anayo tumboni tokea zamani. Sasa aliyeshindwa hapo ni Windows au aliyeifunga?

Darajani
Nyie mnaongea spidi, mie nlishalizwa na spidi. Dukani tulikuwa na seva ya mauzo ndani ya VM, kijana aliyetufungia kaweka mpangilio wa cache=unsafe, mambo yanaruka, tukamsifu. Siku moja umeme ukaenda na betri ya UPS ishachoka, uliporudi mauzo ya jioni nzima hayapo, databesi haifunguki. Ile unsafe kazi yake ni kupuuza mashine ya ndani ikisema "hakikisha imefika". Na VirtualBox nayo kwa kawaida inapuuza amri hiyo hiyo usipoibadilisha, kwa ajili ya spidi. Sie wa Unguja tuliokaa kiza miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 tunaamini umeme wa nani?

Mtoa mada
@Darajani pole sana, na hapo umenikamata, hata hiyo 210 yangu VirtualBox inaweza kuwa imenidanganya pia, maana fdatasync nayo ni ombi lile lile la "hakikisha imefika". @Chake Chake la Defender nakupa, lakini hilo pima kwa vifaili vyako, usilete namba ya dd. Jumamosi nakuja na fio, programu ya kupima diski, faili la giga 16 lishinde RAM, bloku (vipande) za kilobaiti 4 kwa kurukaruka, virtio pande zote mbili. Wete lete hiyo ISO ya draiva, yangu ipo kwenye flashi iliyopotea.

Chake Chake
Na Defender isizimwe! Ukiizima siji.